Nyasi za Nyumbani Bila Sumu: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Majibu haya ni ya mtu mwenye kompaundi hapa Uganda, ndogo au kubwa, anayetaka nyasi za kijani zilizoshikana na hataki kupuliza sumu. Nimetunza nyasi Entebbe na Kampala kwa zaidi ya miaka ishirini, na haya ndiyo ninayoulizwa kila mvua zinapokaribia. Mengine nimeyajibu kwa kirefu kwa sababu yana mambo mengi ndani. Mengine hayahitaji zaidi ya mistari miwili.

Kwa nini nisipulize dawa kama majirani? Si ni nyasi tu, hatuzili.

Hatuzili, lakini tunaishi juu yake. Angalia kompaundi ya nyumba yoyote siku ya Jumamosi. Mkeka umetandikwa, mama anachambua maharage, mtoto wa miezi minane anatambaa, anang'oa majani na kuyatia mdomoni. Nguo zimeanikwa juu ya ukoka. Pembeni kuna turubai la mahindi yanayokaushwa. Wageni wa kwanjula, sherehe ya Kiganda ya kumtambulisha mchumba, watakaa hapo hapo, na msiba ukitokea, hema litasimamishwa hapo hapo.

Kisha kuna chakula chenyewe. Mvua ikinyesha jioni na kumbikumbi, ambao huku tunawaita enswa, wakaanza kutoka ardhini, watoto hukimbilia kwenye taa na beseni la maji. Nimewaona wa kwangu: mmoja anaokota, mwingine anang'oa mabawa, wa tatu keshatafuna wabichi kabla kikaango hakijapanda jikoni. Wadudu hao wametoka kwenye udongo ule ule uliopulizwa wiki iliyopita. Novemba ni zamu ya nsenene, panzi wanaoliwa. Mdudu aliyepata dawa kidogo na hakufa ndiye anayeishia kwenye sahani.

Na dawa zenyewe si za kuchezea. Machi 2015, taasisi ya utafiti wa saratani iliyo chini ya Shirika la Afya Duniani iliiweka glifosati, dawa ya magugu inayouzwa kila duka la pembejeo, kwenye kundi la vitu ambavyo yumkini husababisha saratani kwa binadamu. Mamlaka ya mazingira ya Marekani haikukubaliana nayo, na mjadala unaendelea. Klorpirifosi, ambayo wengi huimwaga kwa ajili ya mchwa, Umoja wa Ulaya uliiondoa sokoni mwaka 2020 kwa hofu ya madhara yake kwa ubongo wa watoto. Mimi sihitaji mjadala uishe ndipo niamue kitu gani mtoto wangu atambae juu yake.

Halafu kuna mvua. Maji mengi ya Kampala huteremka na mfereji wa Nakivubo hadi ghuba ya Murchison ya Ziwa Victoria, na mitambo ya Ggaba huchota maji ya kunywa ya mji kutoka ghuba hiyo hiyo.

Ni kweli dawa ya magugu inaweza kuua hata nyasi zangu?

Ndiyo, na mimi ni shahidi. Mwaka 2014 nilimwita fundi apulize dawa ya magugu ya majani mapana, ile inayoacha nyasi. Dawa ilikuwa sahihi. Shida ilikuwa pampu yake ya mgongoni. Siku moja kabla alikuwa ameitumia kwenye shamba la mtu kwa dawa inayoua kila jani, akaisuuza mara moja tu. Baada ya siku kumi hivi nyasi zilitoka mistari ya manjano iliyofuata hatua zake, kushoto kulia, kushoto kulia, kutoka getini mpaka chini ya mwembe. Ungeweza kuhesabu ni mara ngapi alipeleka mkono. Ilinichukua misimu miwili ya mvua kuiziba mistari ile, na tangu siku hiyo sijapuliza tena.

Nipande nyasi za aina gani?

Inategemea uko wapi na una jua kiasi gani. Kwa Kampala, Wakiso, Entebbe, Mukono na Jinja, pasipalamu ndiyo nyasi ya mtu asiye na muda mwingi. Haina ulaini wa zulia, lakini inavumilia udongo mwekundu uliochoka, kiangazi na miguu ya watoto wanaocheza mpira. Zoisia ni nzuri zaidi kwa macho, inashikana sana hata magugu hukosa pa kupenya, ila inatambaa polepole. Inaweza kuchukua mwaka mzima au zaidi kabla haijafunga, na miezi yote hiyo kazi ya kung'oa magugu ni yako. Ukoka wa kawaida, ambao wauzaji huuita bermuda, unapenda jua kamili na hupona haraka ukikanyagwa, lakini utaingia kwenye vitanda vya maua kila siku ya Mungu. Huko Gulu, Lira na Arua, ambako kiangazi huanza Desemba na kinaweza kufika Machi, ningechagua ukoka au pasipalamu.

Kikuyu ni nyasi ya nyanda za juu za Afrika Mashariki, na inafaa Kabale, Kisoro, Fort Portal na miteremko ya Mlima Elgon. Kwenye joto la nyanda za chini inachoka, na nyasi iliyochoka ndiyo inayokaribisha wadudu na kuvu. Watu wengi wanaonunua dawa mwaka baada ya mwaka wanapambana na kosa lililofanyika siku ya kupanda.

Nyumba yetu ni mpya. Tuanzeje?

Anza na udongo, kwa sababu fundi wa ujenzi amekuachia marama (udongo mgumu wa changarawe), vipande vya tofali na saruji iliyoganda. Toa hivyo vyote. Lima kina cha sentimita 15 hadi 20, changanya na mboji ya unene wa sentimita 2 au 3, sawazisha ili maji yatoke kuelekea kwenye mfereji na si kwenye ukuta.

Wakati wa kulima, piga magoti uokote kwa mkono mizizi ya lumbugu, gugu la jamii ya nyasi. Ni ile mirefu, myeupe, yenye vifundo na ncha kali kama sindano. Kila kipande chenye kifundo kitaota. Ukiipitisha mashine ya kulima juu yake unazalisha lumbugu mia kutoka kwenye mmoja.

Kuwa mwangalifu na ule udongo mweusi unaouzwa kwa tripu ya lori. Mwingi huchimbwa kwenye vinamasi. Unaharibu kinamasi, na juu ya hapo unaleta nyumbani viazi vya ndago, gugu linaloota kutoka kwenye viazi vidogo vya ardhini, kwa maelfu. Mboji ya nyumbani au samadi iliyoiva ni bora mara nyingi.

Ukimaliza kusawazisha, usipande. Subiri mvua mbili tatu, acha magugu yaote, yaparue juu juu kwa jembe bila kugeuza udongo, ndipo upande vipandikizi kwa nafasi ya sentimita 10 hadi 15. Wiki tatu za kusubiri zinakupunguzia miezi ya kung'oa. Wakati mzuri ni mwanzo wa mvua za Machi au za Septemba, na kaskazini ni Aprili au Mei.

Nikate nyasi kwa urefu gani?

Kama ningeruhusiwa kujibu swali moja tu kwenye ukurasa huu, ningejibu hili. Acheni kukwangua.

Jani ndilo jiko la nyasi. Ukilikata lote, nyasi inakula akiba iliyo mizizini ili itoe jani jipya, na mizizi inafupika. Ukirudia hivyo kila mwezi unabaki na nyasi yenye mizizi ya vidole viwili ambayo kiangazi cha Januari kinaimaliza. Tena jua linafika chini kwenye udongo, na mbegu za magugu zilizolala humo zinaamka. Nyasi ndefu kiasi huziwekea mbegu hizo kivuli zisiote. Hiyo ndiyo dawa ya magugu iliyo bora kuliko zote nilizowahi kuona.

Pasipalamu iache kwenye sentimita 5 hadi 8. Zoisia na kikuyu, 3 hadi 5. Ukoka unavumilia 2.5 hadi 4. Na usiondoe zaidi ya theluthi moja ya urefu kwa mara moja: ukitaka ibaki sentimita 6, ikate ikifika 9. Msimu wa mvua hiyo ni kila siku 7 hadi 10. Kiangazini inaweza kupita wiki tatu au nne.

Wengi wetu tulijifunza kutumia slasha shuleni, kama adhabu, na mwalimu alihesabu kazi imekwisha udongo ulipoonekana. Tabia hiyo imebaki mikononi. Kuna na sababu ya pesa: tunamlipa kijana kwa kila mkato, na tunataka mkato mmoja ukae mwezi mzima, kwa hiyo tunamwambia ashushe. Mlipe kwa mwezi, mkubaliane aje mara tatu kwa mwezi msimu wa mvua, na umpe kijiti chenye alama ya sentimita 6 akichomeke kwenye nyasi kila anapohama. Vijana wengi hushangaa kwamba kazi inakuwa nyepesi, kwa sababu kukata ncha si sawa na kukata shina.

Slasha nayo inolewe kwa tupa kabla ya kazi, na tena katikati ya kazi. Chukua jani moja siku ya pili ulitazame kwa karibu. Lililokatwa na chuma kikali lina ncha iliyonyooka. Lililopigwa na chuma butu limechanika nyuzi nyuzi, kama mswaki wa kijiti uliotafunwa, na nyuzi hizo zinakauka na kuwa nyeupe. Ndiyo maana baadhi ya kompaundi zinaonekana zimepauka siku mbili baada ya kufyekwa, na mwenye nyumba anadhani ni ugonjwa.

Lakini nyasi ndefu si zitaleta nyoka?

Nyoka anatafuta panya na mahali pa kujificha: lundo la matofali, kuni, kichaka kwenye ua. Sentimita 6 haimfichi. Ondoa malundo, funga shimo la panya, na uweke uangalifu wako huko.

Mabaki ya nyasi zilizokatwa tuyatupe?

Yaacheni pale pale, yakiwa mafupi. Yanaoza ndani ya siku chache na kurudisha hadi robo ya naitrojeni ambayo nyasi inahitaji. Yakiwa marefu na mazito yaparuze kwa reki, uyapeleke kwenye migomba au kwenye shimo la mboji. Kuyachoma ni kuchoma mbolea.

Nimwagilie maji mara ngapi?

Jerikeni moja ya lita 20 kwenye mita moja ya mraba ni sawa na mvua ya milimita 20. Ili nyasi zibaki kijani kwenye joto zinataka takribani milimita 25 kwa wiki. Kompaundi ya mita 100 za mraba basi inataka lita 2,500, yaani jerikeni 125, kila wiki. Kwa nyumba nyingi haiwezekani, na mimi nasema haifai, maji yana kazi nyingine.

Acha nyasi zilale. Pasipalamu na ukoka vikikosa maji hugeuka rangi ya mkate, lakini havijafa. Vuta shina moja: kama kitako chake, pale jani linapokutana na mzizi, ni cheupe na kigumu, iko hai, na mvua mbili zitaiamsha. Kitu cha kufanya wakati huo ni kuacha kukata na kuacha kukanyaga sana.

Nyasi zilizopandwa chini ya miezi mitatu ndizo zinazohitaji kusaidiwa. Mwagilia asubuhi, mengi kwa mara moja na si kidogo kidogo kila jioni, kwa sababu jani linalolala na maji usiku kucha ndilo linalopata kuvu. Maji ya kuoshea mboga na ya kufulia, kama hayana jiki, yanafaa. Na bati la mita 100 za mraba likipata mvua ya milimita 10 linateremsha karibu lita 1,000, kwa hiyo tangi na gata vina faida kuliko paipu ndefu.

Mbolea gani nitumie?

Mboji iliyochekechwa. Mwanzo wa kila mvua, mwaga toroli moja kwa kila mita 10 za mraba, usambaze kwa reki mpaka ncha za nyasi zionekane tena. Hiyo tu, mara mbili kwa mwaka, inatosha nyumba nyingi.

Samadi ya kuku ni kali. Iache ilundikwe miezi miwili mitatu kwanza, la sivyo itaunguza. Samadi ya ng'ombe ikiwa mbichi huleta mbegu za magugu alizokula ng'ombe. Lundo lipate joto na kugeuzwa ndipo mbegu zife. Maganda ya kahawa yanapatikana kwa wingi kwa wakoboaji, lakini yaende kwenye mboji au chini ya migomba. Ukiyamwaga mazito juu ya nyasi yanazifunika na kuzinyima mwanga. Mkojo wa ng'ombe uliochanganywa na maji mara kumi hutia nyasi rangi upesi, ukimwagwa jioni au kabla ya mvua.

Majivu ya kuni hupunguza asidi ya udongo wetu mwekundu, ila yasizidi kilo 5 kwa mita 100 za mraba kwa mwaka, na yasichanganywe na samadi siku moja, kwa sababu naitrojeni itapotea hewani. Ukitaka uhakika, peleka udongo upimwe kwenye maabara ya utafiti ya Kawanda au Makerere.

Mchwa wanamaliza nyasi zangu. Bila dawa nitawezaje?

Hili ndilo swali linalowarudisha watu dukani, kwa hiyo nitalichukua polepole.

Kwanza hakikisha wanakula nini. Kwaruza zile gamba za udongo wanazojenga juu ya ardhi uangalie chini yake. Mara nyingi utakuta majani makavu, vijiti na samadi, si nyasi hai. Mchwa wengi wanapenda kilichokufa. Wanageukia nyasi hai pale ambapo kilichokufa kimekwisha na ardhi imekauka, yaani kwenye kompaundi iliyokwanguliwa na kufagiwa mpaka inang'aa.

Wafugaji wa Nakasongola wanalijua jambo hili kwa uchungu. Malisho yao yalilishwa kupita kiasi, miti ikakatwa kwa mkaa, na mchwa wakamaliza nyasi zilizobaki mpaka ardhi ikawa kipara. Kilichosaidia kurudisha nyasi ni kulaza ng'ombe usiku kwenye zile sehemu zilizo wazi. Samadi iliwapa mchwa chakula kingine na kuupa udongo rutuba, na mbegu zilizopandwa hapo zikashika.

Nyumbani fanya vivyo hivyo kwa kipimo kidogo. Acha mabaki ya nyasi. Weka samadi kavu au majani makavu pembeni, mbali na nyumba, wapate kazi huko. Tia mboji kwenye madoa yaliyo wazi, panda vipandikizi, uyamwagilie maji mpaka yafunge. Ninavyoona, doa lililotiwa mboji na maji huwa limejifunga kabla mvua hazijaisha.

Kichuguu kilicho karibu na msingi wa nyumba ni habari nyingine. Hicho kichimbwe mpaka kwenye chumba cha malkia, mnene kama kidole, ndani ya donge la udongo mgumu. Wazee wanaijua kazi hii, na kundi lililopoteza malkia mara nyingi hufifia. Kichuguu cha mbali na nyumba mimi nakiacha. Vijia vyake vinapitisha maji ya mvua ardhini, na ndicho kinachotupa enswa.

Uyoga mweupe mdogo umeota kwenye nyasi. Ni ugonjwa?

Hapana. Kama ni ule mdogo sana unaotoka kwa mamia mahali pamoja baada ya mvua, huenda ni butiko bubaala, uyoga unaoota kutokana na kuvu wanaolimwa na mchwa chini ya ardhi, na Buganda ni chakula cha heshima. Usile mpaka mtu mzima anayeufahamu auone, maana uyoga wa sumu nao huota kwenye nyasi. Hii ni sababu nyingine ya kutomwaga dawa ya mchwa.

Asubuhi nimekuta nyasi zimebaki vijiti. Nini kimepita?

Pengine viwavijeshi. Huja mwanzoni mwa mvua baada ya kiangazi, hula zaidi usiku, na hujificha kwenye vitako vya nyasi mchana. Kuwahakikisha, changanya vijiko viwili vikubwa vya sabuni ya maji ya kuoshea vyombo kwenye lita 5 za maji, umwage kwenye mita moja ya mraba. Ndani ya dakika kumi watapanda juu.

Wakiwa wadogo, fungulia kuku. Kuku kumi wenye njaa wanafanya kazi ambayo pampu haifanyi, na kanga ni hodari zaidi. Unaweza pia kupuliza maji ya mbegu za mwarobaini, mti ulio mwingi kaskazini: gramu 50 za kokwa zilizotwangwa kwa lita moja, zilale usiku mmoja, zichujwe, upulize jioni. Usimwage karibu na bwawa la samaki. Wakiwa wamefika sentimita 3, wanakaribia kuingia ardhini na kugeuka pupa, hatua ya kabla ya kuwa nondo, kwa hiyo dawa yoyote ni kupoteza pesa bure. Ukoka, kikuyu na pasipalamu vitachipua tena kutoka chini ya ardhi. Vipe mboji na maji, usikate kwa wiki tatu.

Ndege wanatoboa nyasi. Niwafukuze?

Yule ndege mkubwa wa kijivu mwenye mdomo mrefu uliopinda na sauti ya kuamsha mtaa ni kwarara, kwa Kiganda mpaabaana. Anatafuta minyoo na mabuu ya mbawakawa wanaokula mizizi. Vitobo vyake vinaingiza hewa na maji. Mwache afanye kazi. Akirudi mahali pamoja kila siku, kata kipande cha nyasi cha sentimita 30 kwa 30, ukifunue kama zulia uhesabu mabuu meupe yaliyojikunja. Chini ya watano, funika uendelee na mambo yako. Wakizidi kumi, fungua pale, leta kuku, kisha panda upya.

Ndago na magugu mengine je?

Kishona nguo na magugu mengine ya majani mapana hayavumilii kukatwa kila wiki. Yang'oe siku moja baada ya mvua, kabla hayajatoa mbegu, na baada ya misimu miwili utashangaa.

Ndago ni vita vya muda mrefu. Ukiuvuta unakatika, na kiazi kinabaki chini kikitoa mwingine. Tumia uma wa bustani, ingia sentimita 20, inua donge zima, fuata uzi wake mpaka kiazi cha mwisho. Usipoweza kuchimba, kata kila chipukizi kabla hakijafikisha majani sita. Kiazi kinatumia akiba yake kila mara, na kisipopata jua kinachoka. Inaweza kuchukua mwaka mzima. Mimi hufanya dakika kumi kila asubuhi, na kikombe cha chai mkono mwingine.

Lumbugu ikishaingia ndani ya nyasi zilizoshikana, ushauri wangu ni kuiacha. Nayo ni nyasi, inakatika vizuri, na macho ya mgeni hayaioni. Iondoe kwenye vitanda vya mboga.

Chumvi, oili chafu ya gari, au dizeli?

Hapana kwa zote tatu. Chumvi inaua udongo pamoja na gugu. Oili chafu ina metali na inabaki ardhini miaka. Kukwepa dawa ya dukani kisha ukamwaga oili ya gereji kwenye kichuguu ni kubadilisha sumu moja kwa nyingine.

Mbu, siafu, kupe, na yule funza wa kwenye nguo?

Mbu hawazaliani kwenye nyasi, wanazaliana kwenye maji. Kupuliza nyasi hakuondoi malaria. Kumwaga maji ya kopo, tairi na gata lililoziba kunasaidia, pamoja na chandarua.

Siafu wakipita, wapishe. Toa vifaranga na mtoto mchanga njiani, mwaga majivu mlangoni. Kwa kawaida siku moja au mbili wamekwenda, wakiwa wamesafisha mende na mabuu.

Kupe huletwa na mbwa na ng'ombe. Mtibu mnyama, na uwe na kuku.

Funza wa nguo hutokana na nzi anayetaga kwenye nguo mbichi zilizoanikwa chini. Anika kwenye kamba penye jua, na upige pasi pande zote, hasa nepi na mishono.

Tumefanya sherehe. Hema limekaa siku tatu na nyasi zimelala.

Usikate. Mwagilia asubuhi ya kwanza baada ya hema kutoka. Kesho yake chukua uma wa bustani, uuzamishe sentimita 10, uutikise kidogo, uutoe, urudie kila hatua moja, hasa palipopita magari na palipokuwa foleni ya chakula. Pale walipomwaga mchuzi wenye mafuta, osha kwa maji mengi. Tandaza mboji kidogo. Wiki tatu za mvua zinatosha, kiangazini subiri.

Chini ya mfenesi hakuoti kitu.

Wala hakutaota, na kila mwaka utakaopanda tena utapoteza vipandikizi. Tandaza majani makavu ya mti wenyewe, weka benchi. Kama kivuli ni chepesi, jaribu ile karanga ya mapambo yenye maua ya njano. Inatambaa, inavumilia kivuli na kuutia udongo naitrojeni.

Nitaona matokeo lini?

Kijani, ndani ya msimu mmoja wa mvua. Kufunga na kupunguza magugu, misimu miwili hadi mitatu.

Mwenye nyumba, au jirani, anasisitiza kupuliza. Nifanyeje?

Mwenye nyumba mwombe msimu mmoja na umpe kona moja aione. Watu huamini macho kuliko maneno, na mimi mwenye nyumba wangu wa kwanza nilimshawishi kwa kipande cha mita tano kwa tano karibu na geti, pale alipokuwa akiegesha gari.

Jirani mwombe kwa adabu akuambie siku atakayopuliza, apulize asubuhi kabla upepo haujaanza, na si siku yenye wingu la mvua. Siku hiyo ingiza nguo na mikeka, fungia kuku, na watoto wasicheze kwenye mpaka hadi mvua mbili zipite. Kama maji yake yanateremka kwako, chimba kifereji kwenye mpaka kiyapeleke mbali na nyasi na kisima, na upande kandokando yake mstari mzito wa mchaichai kuzuia udongo usiporomoke.

Na jioni ya enswa baada ya jirani kupuliza, zima taa ya nje. Waambie watoto kwamba leo hatuokoti.